Chumvi ya pisini si chumvi ya mboga



Leo nataka kusema juu ya pisini. Najua wako watakaocheka. Watasema chama kimekosa kazi, sasa kinashughulikia mahali pa matajiri kuogelea. Ngojeni kidogo. Pisini haijioshi yenyewe. Kila pisini mnayoiona inang'aa nyuma ya ukuta, yuko mtu aliyeamka saa kumi na mbili kuiosha, na mtu huyo ni mwenzetu, hata kama hana kadi ya chama na hata kama jina lake pale nyumbani ni "boyi" tu.

Mimi nakaa upande huu wa Kajaga. Mtu akitoka mjini Bujumbura kwa barabara ya Gatumba, ile inayokwenda mpakani mwa Kongo na kufika Uvira, mkono wake wa kushoto ni ziwa Tanganyika. Huko ndiko zilikopangwa nyumba kubwa, zenye kuta ndefu na maua juu ya kuta. Wengi huuliza: mtu mwenye ziwa zima mbele ya mlango wake anachimba pisini ya nini? Mimi siulizi. Tuko karibu na Rusizi. Viboko hutoka usiku kula majani mpaka kwenye bustani za watu, na mamba wapo. Yule mamba aliyeitwa Gustave alijulikana dunia nzima kwa sababu ya watu aliowala huku kwetu. Mwenye watoto na mwenye fedha atachimba pisini. Sina ugomvi na jambo hilo. Ugomvi wangu unaanzia kwa yule anayeitunza.

Siku hizi pisini nyingi mpya ni za chumvi. Wenye nyumba wanazisifu sana. Wanasema: hii haina dawa, ni chumvi tu, kama chumvi ya mezani, haidhuru mtu. Neno hilo "chumvi tu" limeingia mpaka kwa wafanyakazi wenyewe, na ndilo lililonisukuma niandike. Kwa neno hilo watu wamenyimwa glavu. Kwa neno hilo mshahara umekuwa mdogo, maana kumwaga chumvi majini si ufundi, ni kazi ya mtoto. Basi tulichunguze.

Mimi nilisoma shule ya msingi tu. Kitabu cha mashine ya chumvi kimeandikwa kwa Kifaransa na Kiingereza, na mara nyingi kimefungiwa katika kabati la bwana. Kijana mmoja alikiazima siku mbili, mwanangu akanisomea polepole, nami nikauliza tena kwa mafundi wa pampu. Nilichokielewa ni hiki. Ile chumvi haioshi maji. Mashine inapitisha umeme katika maji ya chumvi, na kwa nguvu ya umeme ule chumvi inatoa klorini. Klorini ni dawa ile ile ya pisini za zamani, ile ile inayotiwa katika maji ya mfereji ili kuua vijidudu. Kwa hiyo pisini ya chumvi ni pisini ya dawa. Tofauti ni kwamba zamani dawa ilikuja katika ndoo ya plastiki, na sasa inatengenezwa pale pale nyumbani, ndani ya kibomba chenye vibati vya chuma ghali. Anayekuambia haina dawa, ama hajui, ama anajua na anataka usijue.

Hata hiyo chumvi si kidogo. Chukua pisini ya urefu wa mita 10, upana mita 5, na kina mita moja na nusu. Hayo ni maji meta kyubu 75. Mashine nyingi zinataka kama kilo 4 kwa kila meta kyubu, kwa hiyo ni kilo 300, magunia sita ya kilo 50. Anayeyashusha garini ni nani? Na bado maji hayo hayajafika hata sehemu moja ya nane ya ukali wa chumvi ya bahari. Tena si kila chumvi inafaa. Chumvi ya kula ya dukani imetiwa madini ya joto kwa ajili ya afya ya watu, na nyingine ina unga wa kuizuia isigandamane. Hiyo inaweza kuacha madoa katika pisini. Inatakiwa chumvi safi isiyo na nyongeza. Nimeona bwana akituma chumvi ya bei rahisi sokoni, madoa yakatokea, kisha mfanyakazi akagombezwa kwamba hakusugua.

Kwa kweli nikifikiri habari ya chumvi napata kizunguzungu. Zaidi ya miaka elfu watu wamechemsha chumvi kule Uvinza, karibu na mto Malagarasi, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Wazee wetu wa pande hizi waliipata kwa biashara ya kuvuka ziwa, na mtu alithamini kifuko kidogo cha chumvi ile kuliko mbuzi wa jirani. Leo tunamwaga magunia sita katika maji ya kuchezea. Lakini hayo ni mengine, nirudi.

Kuna jambo moja la hapa kwetu ambalo vitabu vya mashine havilijui, kwa sababu viliandikwa kwa ajili ya Ulaya na Marekani. Maji ya Bujumbura kwa sehemu kubwa yanavutwa kutoka ziwani. Na maji ya Tanganyika si maji matupu. Mto Rusizi unatoka ziwa Kivu, nchi ya volkano, unashusha madini, na ziwa letu limekuwa na maji yenye magadi. Kuna kipimo kinachoitwa pehashi. Maji yaliyo sawasawa, yasiyo ya asidi wala ya magadi, yana 7. Pisini inatakiwa iwe kati ya 7.2 na 7.6 hivi. Maji ya juu ya ziwa letu yanakaribia 9.

Je, hilo linamhusu nini mfanyakazi? Linamhusu sana. Klorini ikiwa katika maji ya 7.5, karibu nusu yake ina nguvu ya kuua vijidudu. Maji yakifika 8.5, inayobaki na nguvu ni kama sehemu moja katika kumi. Unaweza kuwa na dawa tele majini na pisini ikawa kijani kama uji wa mchicha. Bwana anaona kijani, anasema boyi mvivu. Boyi si mvivu. Boyi anapigana na Rusizi na Kivu kwa wavu wa kuokotea majani.

Tena mashine ya chumvi yenyewe inaongeza taabu hiyo. Inatoa mapovu, na mapovu yanafukuza majini ile hewa iliyomo katika soda ya chupa, na hewa hiyo ikitoka, pehashi inapanda. Basi kila wiki lazima ishushwe, na inashushwa kwa asidi. Hapa ndipo ule uongo wa "chumvi tu" unapokufa kabisa. Pisini ya chumvi katika mji wetu inakula asidi nyingi, na asidi ile ni kali, inatoboa nguo, inaunguza mkono, moshi wake unachoma pua. Hata vile vibati vya mashine vikishika ukoko mweupe, vinaoshwa kwa asidi. Nani anaishika? Si bwana.

Nimewatembelea wenzetu wanaofanya kazi hii. Nimeona kijana akimimina asidi akiwa amevaa kandambili na kaputula, macho wazi. Nimemwona mwingine anaweka asidi kwanza katika ndoo halafu anaongeza maji, ikaruka. Hakuna aliyemwambia kwamba maji hutangulia, asidi hufuata, kidogo kidogo, na kamwe si kinyume. Nimeona pia chumba cha zamu, ambamo baba mzima mwenye watoto sita analala, na chini ya kitanda chake zimepangwa chupa za asidi, na pembeni ndoo ya unga wa klorini. Nilimwuliza, "Mzee, unalalaje humu?" Akanijibu, "Ndugu yangu, nimezoea, siku hizi sisikii harufu." Hayo maneno yalinitia hofu kuliko harufu yenyewe.

Unga ule unatoka wapi, kama pisini ni ya chumvi? Unatoka katika ukosefu wa umeme. Umeme ukikatika, mashine haitengenezi kitu, na jenereta linataka mafuta, na sisi sote tunajua miaka hii ya karibuni foleni za mafuta zilivyokuwa. Siku mbili bila umeme katika jua la Imbo, maji yanageuka, na mbu wanapata pa kuzalia. Hapo bwana anatoa ndoo ya unga iliyofichwa, anasema tia kidogo. Kwa hiyo mfanyakazi huyu mmoja anashika unga na asidi, mara nyingi kwa kikombe kimoja, katika ndoo moja. Ndugu zangu, vitu hivyo viwili vikikutana vinatoa hewa ya klorini yenyewe, ya kijani na njano, inayoua. Si maneno ya kutisha watoto. Tarehe 22 Aprili 1915, katika vita kuu ya kwanza, karibu na mji wa Ypres huko Ubelgiji, jeshi la Wajerumani lilifungua mitungi ya hewa hiyo, upepo ukaipeleka kwenye mahandaki ya adui zao. Walioipokea kifuani walikuwa askari wa Ufaransa, na miongoni mwao Waafrika kutoka Aljeria. Hewa ile ile iliyotumika kuua watu vitani inaweza kutoka katika ndoo ya nyuma ya nyumba pale Kajaga. Jirani yangu mmoja aliipata kidogo tu, alikohoa siku tatu, na siku ile ya kwanza alikatwa mshahara kwa kuwa hakwenda kazini.

Sasa niwaambieni habari iliyonipeleka mimi mwenyewe mlangoni mwa bwana mmoja. Sitamtaja, wala nyumba.

Ninyi mnaokaa huku mnakumbuka ziwa lilivyopanda. Mwaka 2021 maji yaliingia katika nyumba za Kajaga na Gatumba, watu wakahama na magodoro vichwani, na mwaka 2024 yakarudi. Matajiri na maskini walilia pamoja, ingawa matajiri walilia wakiwa katika nyumba zao nyingine. Hata maji yanapoonekana yameshuka juu, chini ya ardhi bado yapo. Chimba shimo la kupanda mgomba, unakuta maji.

Wakati wa mvua bwana huyo alimwamuru kijana wake aitoe pisini maji yote, ili isuguliwe na kujazwa upya kabla ya sherehe. Kijana hakusoma, lakini ana akili. Alikuwa amechimba shimo la takataka wiki ile akaona maji karibu kabisa. Akasema, "Bwana, huku chini kumejaa." Akaambiwa afanye alichoambiwa. Akaifungua pampu, ikanyonya mchana kutwa, jioni pisini ikabaki tupu. Usiku wakasikia mlio. Asubuhi upande wa kina kirefu ulikuwa umeinuka, vigae vimepasuka, bomba la mashine limevunjika.

Kila mvuvi wa ziwa hili anajua sababu. Pisini tupu ni mtumbwi. Ukiwa na maji ndani, uzito wake unaukalisha. Ukiutoa maji, na ardhi ya nje imelowa, maji ya chini yanausukuma juu uelee. Zege halijui kuelea, linapasuka. Ndiyo maana huku pwani ya ziwa pisini haimwagwi yote wakati wa mvua. Inapunguzwa kidogo, inasuguliwa, inaongezwa. Na kama ni lazima kabisa, aitwe fundi apime maji ya chini kwanza.

Bwana alisema kijana ameharibu mali, basi atalipa. Nusu ya mshahara kila mwezi. Nilipiga hesabu ya vigae na bomba nikaona mtoto wa huyo kijana angekuja kumalizia deni. Tukaenda watu watatu wa chama. Sisemi tulipokewa vibaya, tulipewa viti na soda. Bwana akasema, "Ninyi chama mnashughulika na viwanda na serikali, huyu ni mtu wa nyumbani kwangu, ni kama mwanangu." Nikamwuliza kwa heshima: mwanao unamkata nusu ya posho akitii amri yako? Akanyamaza. Mwenzangu akamwomba amwite fundi aliyejenga ile pisini. Fundi akaja, akatazama, akasema mbele ya wote kwamba kosa ni kuimwaga wakati wa mvua, na kwamba yeye alikwisha kuonya jambo hilo siku ya kukabidhi kazi. Fundi yule sitamsahau, maana naye alikuwa anamtegemea bwana kwa kazi nyingine.

Makato yalifutwa. Mishahara ya miezi miwili iliyokuwa imezuiwa, mmoja ulilipwa. Wa pili tunausubiri. Na kijana aliachishwa kazi mwezi uliofuata, kwa sababu nyingine, hivyo ndivyo walivyosema. Nasema wazi ili msifikiri nawauzia maneno matamu. Tulishinda nusu.

Lakini angalieni tulikwama wapi. Hatukuwa na karatasi. Hakuna mkataba ulioandikwa kazi yake ni nini, wala amri za nani azifuate, wala hakuwa ameandikishwa INSS, kwa hiyo kama angeunguzwa na asidi angejitibu mwenyewe kwa ndizi za shamba la mama yake. Tulipouliza habari ya mshahara wenyewe, tukaambiwa anapata zaidi ya kima cha serikali. Ni kweli! Kima cha chini kilichowekwa mwaka 1988 kilikuwa faranga 160 kwa siku mjini Bujumbura, na 105 mikoani. Faranga 160 leo hazinunui mkate. Mtu anayejigamba kwamba analipa zaidi ya hapo hajajisifu kitu.

Wako wanaosema, na hata ndani ya chama nimewasikia, kwamba watu wa nyumbani hawapangiki, wametawanyika, kila mmoja nyuma ya ukuta wake. Hoja hiyo ina uzito, siikatai. Kiwandani unapiga kengele watu mia wanasimama. Kajaga unapiga kengele, mbwa wanabweka. Lakini tarehe 16 Juni 2011, huko Geneva, Shirika la Kazi la Dunia lilipitisha mkataba namba 189, unaosema mfanyakazi wa nyumbani ni mfanyakazi kama wengine, na ana haki ya mahali pa kazi pasipomwumiza. Waliokuja kusukuma mkataba ule walikuwa watu wa nyumbani wenyewe, wapishi na mayaya kutoka nchi nyingi, na wao pia walikuwa nyuma ya kuta. Na hapa kwetu sheria ya kazi ilirekebishwa tarehe 24 Novemba 2020. Sheria haivuki ukuta peke yake, lazima mtu aibebe.

Mimi nadai kidogo tu kwa kuanzia, na sioni tajiri mwenye akili atakayekataa, kwa sababu vitu hivi ni rahisi kuliko kigae kimoja cha pisini yake. Glavu ndefu za mpira, miwani ya kazi, na viatu vya mpira. Asidi na unga vikae mahali mbalimbali, penye hewa, penye kufuli, na si chini ya kitanda cha zamu. Maelezo ya mashine yaandikwe kwa Kirundi na Kiswahili, yabandikwe ukutani karibu na pampu. Na kazi hii ihesabiwe kuwa ufundi, maana ni ufundi: mtu anayejua kupima pehashi, kuosha filta, kuangalia klorini isizidi wala isipungue kati ya 1 na 3, kutoiwasha mashine pampu ikiwa imezimwa, mtu huyo si boyi wa kuokota majani.

Kwenu ninyi mnaoifanya kesho asubuhi, nasema haya. Tia asidi mapema, kabla upepo wa ziwa haujaanza kuvuma kuja nchi kavu, na simama upepo ukiwa mgongoni. Ukiambiwa "ni chumvi tu", mwombe aliyesema aishike ile chupa kwa mkono wake. Hapana, msimwombe hivyo, mtafukuzwa. Mwombeni glavu kwa upole, mbele ya mama mwenye nyumba. Nimeona mara nyingi yeye ndiye anayesikia kwanza, kwa sababu watoto wake wanaogelea humo.

Karatasi ya maelezo kwa Kirundi na Kiswahili ipo tayari, mwanangu ameinakili kwa mkono. Tumepata pia vipimo vichache vya karatasi vya kupimia maji. Anayetaka aje Jumapili katika mkutano wetu wa kawaida, na aje na kopo la maji ya pisini anayoitunza tuyapime pamoja. Kopo liwe safi, si la mafuta ya mawese, maana mara iliyopita mmoja alileta la mawese na kipimo kikatudanganya.